Elfu 70 ni pesa mob? Hata mimi nilisema hivyo

Wacha nianze kwa kukiri. Machi 2024 madaktari walipogoma, nilikuwa kwenye lile kundi la mitandaoni lililokuwa likiandika, "Elfu 70 ni pesa mob, kama hamtaki nipeni mimi." Niliacha chuo mwaka wa pili sababu ya karo. Naishi Langas na kula yangu inatokana na vibarua vya kuandikia watu matangazo. Mwezi ukiniletea elfu 20, huo ni mwezi mzuri. Sasa msee anapewa elfu 70 "akiendelea kujifunza" na bado analia? Niliwaka.

Pengine hata wewe uliwaka. Basi tupige hesabu pamoja.

Kusomea udaktari Kenya ni miaka sita chuoni. Ukimaliza, bado huruhusiwi kutibu kivyako. Lazima utumikie mwaka mmoja katika hospitali iliyoidhinishwa, chini ya uangalizi wa madaktari waliokutangulia. Hao ndio madaktari wanagenzi. Mwaka huo huwezi kuuruka, na bila huo hupati leseni kamili. Anayekutuma hospitalini ni Wizara ya Afya. Yaani ukikataa masharti yake, huna pengine pa kwenda na cheti chako.

Malipo ya mwaka huo yalikuwa kwenye mkataba. Kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017 madaktari waligoma siku 100, na viongozi wa muungano wao wakafungwa jela katikati ya mgomo. Baadaye mwaka huo wa 2017, serikali na muungano huo, KMPDU, waliweka sahihi: daktari mwanagenzi atalipwa Sh206,400 kwa mwezi. Miaka saba baadaye serikali ikasema zilizopo ni Sh70,000. Hiyo ni kama theluthi moja ya kile kilichoandikwa.

Ndipo mgomo wa 2024 ukaja, kuanzia Machi 14 hadi Mei 8, siku 56. Hata kabla haujaanza, Katibu Mkuu wa KMPDU, Davji Atellah, alikuwa ameumizwa kichwani na kopo la gesi ya kutoa machozi katika maandamano Nairobi.

Sisi wa Eldoret tuliusikia mgomo huo vizuri. Hospitali ya Rufaa ya Moi, pale Nandi Road, inatibu watu kutoka Turkana, Pokot Magharibi, Bungoma, hata ng'ambo ya mpaka Uganda. Na ilikuwa hapa hapa Eldoret, kanisani Jumapili moja ya Aprili, ambapo Rais Ruto aliwaambia madaktari kwamba pesa hazipo na kama nchi lazima tuishi kulingana na uwezo wetu. Nilisikia nikasema, si ni ukweli?

Kilichonibadilisha ni usiku mmoja baada ya mgomo kuisha. Binamu yangu alishikwa na pumu saa nane usiku, tukamkimbiza kwa boda hadi hospitali moja ya umma. Aliyetupokea alikuwa kijana wa rika langu, macho mekundu. Alimsikiliza kifua, akamwekea ile mashine ya mvuke, akaanza kuandika. Akaniuliza jina la mgonjwa. Nikamwambia. Baada ya muda kidogo akaniuliza tena. Akacheka kwa aibu, akasema, "Pole bro, niko hapa tangu jana asubuhi. Mimi ni mwanagenzi." Mkubwa wake alikuwa anapatikana kwa simu.

Binamu yangu alipata nafuu kabla ya alfajiri. Mimi nilibaki na swali moja: kama huyu anajifunza, nani alikuwa kazini usiku ule?

Hapo ndipo nilianza kuliangalia vizuri neno "mwanagenzi". Ukisikia mwanagenzi, unawaza mtu anayebeba mafaili na kuchemsha chai. Lakini huyu anapokea wagonjwa, anaandika dawa, anashikilia wodi usiku. Ndiyo, anajifunza. Hata rubani msaidizi anajifunza kwa rubani mkuu, na hakuna anayesema alipwe nauli tu.

Pia zile Sh206,400 si mshahara mtupu. Sehemu kubwa ni marupurupu: ya kuitwa kazini usiku, ya hatari ya kuambukizwa magonjwa, na kadhalika. Ukikata hadi elfu 70, zamu za usiku hazipungui na kifua kikuu hakiondoki wodini. Kazi inabaki ile ile, ila sasa anayelipia tofauti ni yule kijana.

Hoja ya serikali si ya kupuuzwa. Mishahara ya umma inameza mapato mengi ya nchi, na madaktari si wanagenzi pekee wanaosubiri kulipwa; kuna wauguzi na maafisa wa kliniki pia. Lakini kama pesa hazitoshi, mkataba unafunguliwa mezani, pande zote mbili zikiwepo. Upande mmoja hauwezi kuamka asubuhi na kufuta tarakimu. Jaribu kumwambia landlord wako kwamba mwezi huu utalipa theluthi kwa sababu unaishi kulingana na uwezo wako.

Septemba 2024 daktari mwanagenzi wa hospitali ya Gatundu alijitoa uhai. Kifo kama hicho hakina sababu moja, na sitajifanya naijua. Ila wenzake walijitokeza hadharani kuzungumzia zamu ndefu na malipo. (Kama wewe mwenyewe umelemewa, tafadhali ongea na mtu leo, usingoje.)

Mwishoni mwa Desemba 2024 serikali ilikubali: wanagenzi walipwe kulingana na mkataba wa 2017. Yaani tulizunguka mwaka mzima, wagonjwa wakarudishwa nyumbani siku 56, ili turudi kwenye karatasi iliyokuwa imeshawekwa sahihi.

Kwa nini nakuambia haya wewe ambaye hutawahi kuvaa koti jeupe? Kwa sababu mchezo huu unaujua. Uko ofisini miezi sita unafanya kazi ya mtu aliyeondoka, halafu mwisho wa mwezi unapewa nauli na kuambiwa ushukuru, unapata ujuzi. Ukilalamika, mwenzako asiye na kazi anakwambia, "Nipe mimi hiyo nafasi." Hayo ndiyo maneno niliyowaandikia madaktari. Aliyefaidika nayo si mimi, elfu 70 sikuziona. Nilichofanya ni kumsaidia mwajiri kupunguza bei ya kijana mwenzangu, na kesho bei hiyo hiyo itatumika kunipimia mimi.

Kwa hivyo siku nyingine ukisikia vijana fulani wanaitwa wanagenzi wenye tamaa, kabla hujaandika chochote, uliza mambo mawili. Wasipokuja kazini kesho, nini kitasimama? Na kuna karatasi iliyowekwa sahihi?

Ile komenti yangu ya Machi nimeifuta. Binamu yangu anaendelea vizuri.