Mtoto wa jicho katika bustani ya Monet

Mzazi anayeingia Louvre na watoto wadogo mara nyingi hutoka amembeba mmoja na kumburuta mwingine. Katika jiji hilohilo la Paris, upande wa magharibi, kuna makumbusho ya Marmottan Monet. Ni nyumba tu. Zamani wawindaji walipumzika humo, baadaye Paul Marmottan akaishi, na mwaka 1934 ikafunguliwa kwa umma. Nje kuna bustani ya Ranelagh, ambako watoto wanaweza kukimbia kwanza. Wasiingie na njaa!

Ndani, mchoro wa kuanzia na watoto ni wa Berthe Morisot, wa mwaka 1881: mumewe ameketi bustanini, na binti yao Julie anachezea vitu vyake karibu na magoti ya baba. Hakuna cha kueleza hapo, mtoto anaelewa mwenyewe.

Lakini kinachostahili muda mrefu ni michoro ya Claude Monet, ambayo mwanawe Michel aliiachia nyumba hii. Monet alihamia kijiji cha Giverny mwaka 1883, akachimba bwawa, akapanda mayungiyungi, akajenga daraja la mbao lenye rangi ya kijani. Aliyachora hayo kwa miaka mingi. Kwenye baadhi ya michoro maji ni ya bluu na maua yanatambulika. Kwenye mingine, ya uzeeni, daraja lilelile limekuwa msokoto wa rangi nyekundu na kahawia; mtoto anaweza kusema limeungua moto.

Halikuungua. Mzee alikuwa na mtoto wa jicho. Madaktari walimwambia mwaka 1912, naye akaogopa kisu. Rafiki yake Georges Clemenceau, aliyesomea udaktari kabla ya siasa, alimsihi sana. Monet akaendelea kuchora huku bluu ikimpotea, akitegemea mpangilio wa rangi zake kujua ipi ni ipi. Alikubali upasuaji mwaka 1923, akiwa na miaka 82. Enzi hizo mgonjwa alitakiwa kulala bila kutikisika kwa siku kadhaa, jambo lililomkera mno. Baadaye alilalamika kwamba sasa kila kitu ni bluu kupita kiasi, akapewa miwani ya rangi. Alifariki 1926.

Watoto wenye bibi au babu nyumbani, awe Tanga, Kisumu au Bujumbura, watamfahamu mzee huyu haraka. Mzazi awaulize: bibi anapolalamika kwamba taa ni hafifu, au anapokosea rangi ya kanga, anaona nini? Upasuaji wa siku hizi kwa kawaida hauchukui hata saa moja, jicho hutiwa ganzi, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Wazee wengi bado wanaogopa kama Monet, na hukaa kimya. Simu ya kumuuliza bibi inaweza kupigwa palepale kwenye benchi la Ranelagh, watoto wakisikiliza.