Titi Hujaa kwa Kunyonywa

Maziwa ya mama hutengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama huachilia homoni mbili: prolaktini, inayotengeneza maziwa, na oksitosini, inayoyasukuma yatoke. Titi likiachwa limejaa, utengenezaji hupungua. Likinyonywa likalegea, huongezeka. Ndiyo maana chupa ya maziwa ya kopo inayoletwa siku ya pili kwa nia njema mara nyingi huzaa upungufu uleule uliohofiwa: mtoto hushiba, hulala, maziwa hubaki titini, na kesho yake huwa haba zaidi.

Hukumu kwamba maziwa hayatoshi hutolewa haraka mno, aghalabu na wasionyonyesha. Siku za mwanzo hutoka dang'a, nzito na ya manjano, vijiko vichache tu, na tumbo la kichanga halidai zaidi. Maziwa mengi huja kati ya siku ya pili na ya nne. Kwa mzazi aliyepasuliwa huweza kuchelewa. Kilio au matiti laini havitoshi kuwa ushahidi. Zitazamwe nepi: kuanzia siku ya tano mtoto akojoe mara 6 au zaidi kwa siku, mkojo mweupe, choo cha manjano. Itazamwe na mizani: uzito uliopungua mwanzoni uwe umerudi kufikia wiki mbili.

Pakiwa na shaka, kwanza uangaliwe mshiko. Mtoto apakatwe tumbo kwa tumbo na mama, kinywa wazi kama cha apigaye mwayo, mdomo wa chini umepinduka nje, kidevu kimegusa titi. Akishika chuchu tupu, mama huumia naye huondoka na njaa. Anyonyeshwe mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na usiku usirukwe, kwa kuwa ndipo prolaktini hupanda. Akimaliza, yaliyobaki yakamuliwe kwa mkono katika kikombe safi, naye anyweshwe kwa kikombe hicho.

Mtori wa Kilimanjaro na uji wa pilipili manga humpa mzazi nguvu, wala havistahili kubezwa. Ila bakuli la tatu haliwezi kufanya kazi ya kinywa cha mtoto. Mkwe anayetaka kusaidia achukue ndoo na nguo chafu, mzazi alale na mwanawe kifuani.

Upungufu wa kweli upo. Huletwa na kuvuja damu nyingi, kipande cha kondo kilichobaki, upasuaji wa matiti, au vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Mtoto anayelala mno hata haamki kunyonya, au mwenye kinywa kikavu na mkojo haba, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Nyongeza atakayoandikiwa huko haina aibu, mradi isiwe maji ya sukari wala maziwa ya ng'ombe, na kunyonyesha na kukamua kuendelee. Uzito ukipanda, mhudumu huipunguza kidogo kidogo.