Sinema na Haki: Ni Nani Aliyeshika Kamera?



Juma hili hatusemi juu ya shamba wala juu ya ndoa, bali juu ya sinema. Najua wapo wazee watakaotikisa kichwa na kusema kwamba hayo ni mambo ya vijana wavivu. Lakini tuone. Mtoto wa Butembo au wa Beni aweza kuona filamu nyingi katika likizo moja kuliko alizoziona babu yake maisha yake yote, na simu ya baba humletea nyingine hata kitandani. Zile za kupigana tu tuziache. Nataka kusema juu ya filamu zinazoonyesha dhuluma: jinsi watu walivyodharauliwa kwa sababu ya rangi ya ngozi yao, na jinsi walivyodai haki. Zatuhusu kuliko tunavyodhani, maana sisi nasi tumekwisha kupigwa picha mara nyingi pasipo kuulizwa.

Tuanze karibu na nyumbani. Mwaka 1932 Wamarekani wawili, Martin Johnson na mkewe Osa, walitoa filamu iitwayo Congorilla. Sehemu yake ilipigwa kwa Wambuti wa msitu wa Ituri, msitu ule ule unaofika hadi upande wetu wa Beni. Humo Wambuti wamefanywa kichekesho: mmoja apewa sigara kubwa aivute, wengine wapigiwa muziki wa jazz kwa gramafoni ili wacheze mbele ya kamera. Wambuti wenyewe walifikiri nini juu ya wageni hao, filamu haisemi. Nadhani jioni, wageni walipokwisha lala, walicheka sana nao.

Kisha ikaja amri ya mwaka 1945. Serikali ya Wabelgiji ilikataza watu weusi kuonyeshwa filamu zisizopitishwa na kamati ya kuzichunguza. Wazungu wakawa na sinema yao, weusi na yao. Ilihofiwa kwamba Mwafrika angeharibika akili kwa picha za wizi na mapenzi, tena angepoteza heshima yake kwa Mzungu akimwona Mzungu mlevi au mwizi. (Kwa hofu hiyo walikiri, pasipo kukusudia, kwamba heshima ile ilisimama juu ya kufichwa kwa mambo.)

Nafasi iliyobaki ilijazwa na wamisionari. Huko Luluabourg, ndiyo Kananga ya leo, Padre Van Haelst wa shirika la Scheut alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, mmoja mnene, mwenziwe mwembamba. Bukavu nako Padre De Vloo wa Mapadre Weupe alifanya kazi ya namna hiyo. Kitambaa cheupe kilitundikwa na kijiji kizima kikakusanyika. Tusiwe watovu wa shukrani: wazee wetu walicheka kwa moyo wote, tena waliona katika picha watu wanaofanana nao. Wala tusifiche ukweli: filamu hizo zilitengenezwa kwa dhana ya kwamba Mwafrika ni kama mtoto, hawezi kufuata hadithi ndefu, ahitaji mambo mepesi na funzo mwishoni. Mwaka 1996 Tristan Bourlard alitoa filamu ya mambo ya kweli juu ya Matamata na Pilipili. Mwenye kuipata aitazame pamoja na mzee wa nyumbani, aangalie mzee acheka wapi na wapi anyamaza.

Tarehe 30 Juni 1960 kamera zilikuwapo Patrice Lumumba alipotaja matusi na mapigo ya ukoloni mbele ya Mfalme Baudouin. Tarehe 17 Januari 1961, huko Katanga, alipouawa, walioona walinyamaza. Raoul Peck, mzaliwa wa Haiti aliyekaa Kinshasa utotoni, ametengeneza filamu mbili juu ya mtu huyo, na ile ya maigizo, ya mwaka 2000, ndiyo ijulikanayo zaidi. Lakini iliyonishtua mimi ni ya Mjerumani Thomas Giefer, ya mwaka huo huo. Humo Gérard Soete, Mbelgiji aliyekuwa polisi, asimulia jinsi maiti ilivyokatwa na kuyeyushwa kwa asidi, kisha aonyesha meno aliyoyaweka. Hakuwa mbele ya hakimu, bali mbele ya kamera. Jino moja lilirudishwa kwa jamaa ya Lumumba huko Brussels tarehe 20 Juni 2022, na hilo ndilo lililozikwa.

Peck huyo huyo alitoa mwaka 2016 filamu juu ya James Baldwin na weusi wa Marekani. Wanafunzi wakubwa wa sekondari wangefaa kuionyeshwa, kwa sababu ya jambo moja hasa. Baldwin aeleza kwamba alipokuwa mtoto alishangilia wapiganaji wa kizungu walipowaua Wahindi Wekundu katika sinema, hata siku moja akatambua kwamba wale Wahindi ndio yeye. Mwalimu aliyewahi kupita karibu na nyumba ya video siku ya Jumamosi amewasikia watoto wetu wakishangilia vivyo hivyo. Wamshangilia mwenye bunduki. Nao wengine kati yao walikimbia mbele ya bunduki kutoka Oicha au Eringeti.

Siku hizi wapo Wakongo walioshika kamera wenyewe. Dieudo Hamadi wa Kisangani alifuatana na watu waliokatwa viungo katika vita vya siku sita, majeshi ya Uganda na ya Rwanda yalipopigana mjini humo mwezi wa Juni 2000. Watu hao walipanda mashua, wakashuka mto hadi Kinshasa kudai fidia yao. Filamu ilichaguliwa na tamasha la Cannes mwaka 2020. Hakuna sauti ya mgeni inayotueleza jinsi ya kuwahurumia. Wagombana, wacheka, wanyeshewa na mvua, na kila mmoja ana jina lake. Goma nako, Mholanzi Joris Postema alitoa mwaka 2020 filamu yenye kuuliza kama mtu wa Ulaya aweza kweli kuonyesha Kongo. Bernadette Vivuya na Kagoma Twahirwa wakaichukua kazi hiyo na kuitengeneza upya kwa macho yao, mwaka 2022. Jina walilolipa lasema wazi: acheni kutupiga picha, sikilizeni.

Kwetu Beni wamekuja wengi wenye kamera tangu mauaji ya Oktoba 2014. Twasema, mgeni njoo mwenyeji apone. Je, mwenyeji amepona? Mama alia katika picha, na chini yake pameandikwa neno moja tu: mkimbizi. Hakuulizwa jina, wala picha hataiona kamwe.

Lakini tusiwalaumu wageni peke yao. Vijana wetu hupiga maiti kwa simu na kuzituma kabla hazijafunikwa. Picha hizo hazina tarehe wala mahali, na pengine maiti ya nchi nyingine husemwa kuwa ya Beni. Ndivyo mama aweza kujua kifo cha mwanawe kwa simu ya jirani. Lingine kabisa ndilo alilofanya msichana wa miaka 17 huko Minneapolis, Marekani, tarehe 25 Mei 2020, George Floyd alipouawa na polisi. Alipiga picha ya tendo lenyewe, kwa karibu dakika 10, na sura ya mtendaji ikionekana. Mwaka uliofuata alisimama mahakamani kushuhudia, na polisi yule akahukumiwa.

Wazazi waweza kuuliza: mwanangu akipiga picha ya mwenye silaha katika barabara ya Eringeti, nani atamlinda? Ni swali la haki, na filamu hazilijibu. Minneapolis kulikuwa na hakimu na wakili wakingoja. Huku simu ya kijana yaweza kupekuliwa kizuizini, na picha moja ikamletea kifo. Mimi siwaambii wanafunzi wangu wakimbilie bunduki na simu mkononi. Nawaambia wapige lililobaki baada yake: nyumba iliyochomwa, shamba lililoachwa, na mwenye nyumba akisema kwa kinywa chake, kama apenda, jina lake na jina la aliyempoteza. Waandike siku na kijiji. Kisha wasiitume kwa rafiki hata mmoja. Waipeleke kwa Tume ya Haki na Amani ya parokia, ikae huko na daftari lake, hadi atakapokuja mwenye mamlaka ya kuuliza.