Askari dereva amepewa leseni, sasa apewe mkataba

Kwa miaka mingi askari wa Marekani aliyeendesha lori la mizigo katika majangwa ya Iraq alirudi nyumbani akakuta kwamba uzoefu wake wote hauhesabiki. Viwango vya leseni ya magari makubwa ya biashara, vilivyotokana na sheria ya 1986, havimbani askari akiwa kazini, lakini siku aliyovua sare alihesabiwa kama mtu asiyewahi kugusa usukani. Mwaka 2011 kanuni ya serikali kuu iliruhusu majimbo yamsamehe mtihani wa vitendo askari mwenye miaka 2 ya kuendesha gari kubwa na rekodi isiyo na doa, na leo ana nafasi ya mwaka mzima tangu aache kazi hiyo kuomba msamaha huo. Mwaka 2018 majimbo yakaruhusiwa kumsamehe hata mtihani wa maandishi, ikiwa fani yake jeshini ina mafunzo yanayolingana na ya uraiani. Hatua hizi ni za haki, na nchi nyingine zingefaa kuziiga. Hata hivyo zimegusa upande mwepesi wa safari. Kinachomwangusha askari katika udereva wa uraiani ni malipo na masharti ya kazi, na huko hakuna aliyemfungulia mlango.

Fikiria anachokiacha. Jeshini dereva husafiri katika msafara wenye kamanda, mara nyingi na mwenzake pembeni. Mafuta si shida yake, gari likiharibika wapo mafundi, na mshahara unaingia kwa wakati hata kama lori limelala getini wiki nzima. Akihamia kampuni ya masafa marefu Marekani anakuwa peke yake na simu ya msimamizi wa safari. Sheria inamruhusu kuendesha saa 11, tena ndani ya dirisha la saa 14 ambalo likishafunguliwa linaendelea kuhesabu hata akiwa amesimama kwenye ghala akisubiri kushusha. Tangu Desemba 2017 kifaa cha kielektroniki kinarekodi saa hizo, kwa hiyo hapana pa kuzificha. Na madereva wengi wa huko hulipwa kwa maili. Anayesubiri saa nne ghalani anapoteza mara mbili: saa zake za kisheria zinateketea, na fedha haiingii. Sheria ya viwango vya kazi ya 1938, inayowapa wafanyakazi wengi malipo ya ziada baada ya saa 40 kwa wiki, iliwaacha nje madereva wa safari za kuvuka majimbo, nao wako nje hadi leo.

Kusubiri huko si kero ya madereva peke yao. Mwaka 2018 Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Uchukuzi ya Marekani alikadiria kwamba wastani wa muda wa kupakia na kushusha ukiongezeka kwa dakika 15 tu, kiwango cha ajali kinachotarajiwa hupanda kwa asilimia 6.2, na kwamba ucheleweshaji huo huwanyima madereva kati ya dola bilioni 1.1 na 1.3 kwa mwaka. Sababu yake haihitaji mtaalamu. Aliyepoteza muda bila malipo atajaribu kuufidia barabarani, na tani zake zote zinakwenda naye katika jaribio hilo.

Wenye makampuni watasema tatizo ni uhaba wa madereva, kwa hiyo kila askari anayeharakishiwa leseni ni faida kwa taifa. Hoja hiyo ilipata mtihani wake Uingereza. Septemba 2021, mafuta yalipokauka katika vituo vingi, serikali ilituma karibu barua milioni 1 kwa watu wenye leseni za malori ikiwaomba warudi kwenye usukani, na tarehe 4 Oktoba ikawaingiza barabarani askari karibu 200, nusu yao madereva, kusambaza mafuta. Kweli janga la korona lilikuwa limekwamisha mitihani ya leseni, na baadhi ya madereva kutoka Ulaya walikuwa wameondoka. Lakini nchi yenye anwani karibu milioni 1 za kuandikia haikuwa imeishiwa leseni. Ilikuwa na watu waliokwisha kuiacha kazi, au wasiotaka kuianza. Marekani nako, utafiti uliochapishwa na idara ya takwimu za kazi mwaka 2019 uliona kwamba soko la madereva kwa jumla linafanya kazi kama masoko mengine, na malipo yakipanda watu huja. Kinachoitwa uhaba katika makampuni makubwa ya masafa marefu ni mlango unaozunguka: miaka mingi kiwango chao cha madereva kuondoka kimekaribia au kupita asilimia 90 kwa mwaka. Kumtoa askari kambini na kumsukuma katika mlango huo ni kuuzungusha tu.

Kuna wanaojibu kwamba askari ni mvumilivu, amezoea shida na atastahimili. Mimi naona sifa hiyo ndiyo inayomweka hatarini. Aliyefundishwa kutekeleza kwanza na kuuliza baadaye ni windo rahisi la msimamizi anayesema mzigo lazima ufike kesho asubuhi. Sheria ya Marekani ya 1982 inamlinda dereva anayekataa kuendesha akiwa mgonjwa au amechoka, na tangu 2016 kuna kanuni inayokataza kumshurutisha avunje sheria za usalama. Haki hizo hazimsaidii asiyezijua, wala anayeona kukataa ni uasi. Halafu ipo mikataba ambayo kampuni humkodishia dereva lori kwa ahadi ya kulimiliki baadaye, huku makato yakimeza mapato yake. Jopo lililoundwa na serikali kuichunguza lilipendekeza mapema 2025 ipigwe marufuku. Askari aliyetoka na kiinua mgongo kidogo na hamu ya kujitegemea ndiye mteja anayetafutwa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la gharama: ukimlipa dereva kwa saa atazembea njiani, na nauli ya mizigo itapanda. Sehemu ya pili ni kweli na haifai kufichwa. Bei ya chini tunayoifurahia dukani imebebwa na mtu asiyelipwa akisubiri. Sehemu ya kwanza haiendani na yaliyowahi kutokea. Mwaka 1997 kampuni ya malori ya Marekani, J.B. Hunt, ilipandisha malipo ya madereva wake kwa takriban theluthi moja ili ipate wenye uzoefu. Walioacha kazi walipungua, ajali pia zikapungua, na watafiti waliochambua takwimu zake walihusisha mabadiliko hayo na malipo. Siku hizi kuna vifaa vya kuonyesha lori lilipo dakika kwa dakika, hivyo uzembe ni jambo jepesi kuligundua.

Afrika Mashariki tuna majeshi yenye madereva na barabara zenye malori, na wazo la kutambua udereva wa kijeshi linaweza kufika mezani wakati wowote. Likija, lipimwe kwa mizani. Askari apewe haki ya mikono yake, ila asome yale ambayo jeshi halikumfundisha, kwa mfano sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inayoweka kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake, na nyaraka za forodha mipakani. Kisha tukumbuke Aprili 2015, madereva wa mabasi na malori Tanzania walipogoma wakipinga agizo la kurudi darasani kwa gharama zao kila wanapohuisha leseni. Agizo lilisitishwa, lakini Mei wakagoma tena, na hoja iliyobaki mezani ilikuwa mikataba ya ajira. Dereva anayeishi kwa posho ya safari, huku foleni ya mpakani Tunduma ikila siku zake, yuko katika hali ile ile ya mwenzake wa Marekani ghalani, na bila kifaa cha kumhesabia saa.

Kwa hiyo wizara zinazosimamia kazi na uchukuzi zikae pamoja kabla ya kuandika kanuni yoyote ya leseni za wastaafu wa jeshi. Kanuni hiyo ianze na mkataba wa maandishi, unaotaja mshahara wa mwezi na malipo ya muda wa kusubiri bandarini na mpakani, na imhusu kila dereva wa lori, awe ametoka kambini au alianza kama utingo.