Mdogo wangu hakuomba msaada

Jamani, leo nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo najikasirikia mwenyewe. Ukiona nimepitiliza, msomaji wangu, nivumilie.

Wiki mbili zilizopita niliandika habari ya mdogo wangu. Ana miaka 22, amezaliwa na seli mundu, na anachora. Hachori twiga wala machweo ya kuwauzia watalii. Anachora nyumbani kwetu: sufuria ya ubwabwa, neti iliyofungwa fundo, khanga kwenye kamba, mama akichambua mchele, miguu ya watu wanaopita mlangoni wakati maumivu yamemlaza siku tano. Anatumia mkaa wa jikoni. Karatasi yake ni zile bahasha za kaki za picha za eksirei, ambazo kwetu zimejaa chini ya kitanda.

Nilipeleka maneno 600 kuhusu michoro. Asubuhi gazeti likatoka na kichwa cha habari: "Mgonjwa wa seli mundu aomba msaada". Chini yake uso wake, mkubwa, na namba ya simu ya mama. Mchoro hata mmoja haukuwekwa. Hadi jioni watu saba walikuwa wametuma pesa, Mungu awabariki. Hakuna aliyeuliza mchoro unauzwa shilingi ngapi. Mdogo wangu alilisoma gazeti, akalikunja, akaniuliza: "Kaka, mimi nimeomba lini?"

Nilimvaa mhariri. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Dogo, wewe mwenyewe umeandika 'licha ya ugonjwa wake'. Mimi nimemalizia tu." Nilirudi kwenye kompyuta nikahesabu. Nilikuwa nimeandika "licha ya" mara nne.

Sasa hoja yangu ndiyo hii: hiyo "licha ya" ni uongo. Inadai ugonjwa uko huku, sanaa iko kule, na msanii ameruka ukuta katikati. Hakuna ukuta. Mtu anayekaa ndani siku tano anaviona vitu ambavyo mimi na wewe, tunaogombania daladala alfajiri, hatuvioni. Ile miguu mlangoni ameichora kwa sababu alikuwa amelala. Ukiondoa kitanda, hakuna mchoro.

Utasema natetea damu yangu. Haya, tumwache. Tumtazame Donald Rodney, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1961, wazazi wake wakiwa wametoka Jamaica. Naye alikuwa na seli mundu. Picha za eksirei kutoka hospitali alizigeuza kuwa malighafi ya kazi zake. Ngozi yake mwenyewe, iliyoondolewa kwenye operesheni, aliijengea kinyumba kidogo kilichoshikizwa kwa pini, kisha kikapigwa picha kikiwa kwenye kiganja chake. Picha hiyo, ambayo jina lake lina maana ya "Katika nyumba ya baba yangu", iko kwenye hazina ya makumbusho ya Tate. Kinyumba chenyewe alikipa jina lenye maana ya "Mama yangu, baba yangu, dada yangu, kaka yangu".

Lisome tena hilo jina. Seli mundu ni ugonjwa wa kurithi, na mtoto huupata kwa kurithi vinasaba kutoka kwa baba na kwa mama. Kwa hiyo kinyumba kile cha ngozi kinasema jambo la kweli kabisa: familia ndiyo iliyompa mahali pa kukaa, na familia hiyo hiyo ndiyo iliyompa maradhi. Sasa fikiria dawati letu la habari lingekiandikaje. "Kijana ajenga nyumba kwa ngozi yake, aomba wasamaria wema." Wallahi ndivyo tungeandika.

Nakuletea na mwingine, maarufu zaidi. Mfaransa Henri Matisse alifanyiwa operesheni ya saratani mwaka 1941, na baada ya hapo alitumia muda mwingi kitandani na kwenye kiti cha magurudumu. Akashika mkasi, akawa anakata karatasi zilizopakwa rangi, wasaidizi wakizibandika ukutani. Mwaka 1952 alitengeneza bwawa lake la kuogelea, la karatasi, kuzunguka kuta za chumba chake cha kulia chakula huko Nice. Watu wamelipa kiingilio New York kuliona. Hayo hatuyaiti maombi ya msaada. Tunayaita sanaa.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi ugonjwa ni zawadi. Anayesema hivyo hajawahi kumshika mtu mgongo saa nane usiku huku anauma shuka asiwaamshe majirani. Rodney alifariki mwaka 1998 akiwa na miaka 36. Nchini kwetu inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na seli mundu kila mwaka, na wengi wao wanahitaji dawa kabla ya kitu kingine chochote. Hilo ni suala la bajeti ya afya, tuliandike kwa ukali kwenye ukurasa wake.

Na ndiyo, pesa tunazihitaji. Lakini kuna pesa ya huruma na pesa ya kazi. Ya huruma inakuja mara moja, na inaondoka na jina lako. Ya kazi inakuachia jina, tena inakudai ufanye nyingine.

Kwa hiyo waandishi wenzangu, nikianza na mimi mwenyewe, tukienda kwa msanii mgonjwa tumuulize yale yale tunayomuuliza msanii mzima. Kazi hii inaitwaje? Umetumia nini? Kwa nini umeanzia hapa, hukuanzia pale? Unaiuza bei gani? Ugonjwa ukiwa ndani ya mchoro utajitokeza wenyewe. Usipokuwemo, haukuhusu.

Jana nilinunua ule mchoro wa miguu. Nilidhani undugu utanisaidia, nikaomba punguzo. Mdogo wangu alinitazama, akasema, "Bei ni hiyo hiyo kaka, na safari hii jina langu uliandike vizuri." Nikalipa.

Anayebisha aje na hoja, uwanja ni wake.