Nani Kasema Bahari Haiishi?

Ukipita sokoni Tumbe, kaskazini mwa Pemba, hutakosa mtu wa kukwambia kuwa samaki ni riziki ya Mungu na bahari haiishi. La kwanza sina ugomvi nalo. La pili ndilo linalotumaliza.

Mtazame muuza samaki anapompasua jodari. Tumboni hutoka dagaa, wengine wameshalainika, wengine macho yao bado yanang'aa. Basi dagaa wamegeuka jodari, watu husema. Hawajageuka! Sehemu kubwa ya chakula kile jodari ameichoma kwa kuogelea, ikapotelea majini kama joto, na joto hilo hakuna nyavu ya kulivua. Mwaka 1942 Mmarekani Raymond Lindeman, aliyechunguza ziwa dogo la Minnesota, alionyesha kuwa nguvu ya jua hupungua kila inapotoka kwa anayeliwa kwenda kwa mlaji. Kwa makadirio huvuka sehemu 1 tu katika 10. Kilo 1 ya jodari imegharimu kama kilo 10 za dagaa, hao kilo 100 za vijidudu vya majini, navyo kilo 1,000 za vimea visivyoonekana kwa macho. Ni hesabu ya kukisia, nakubali, lakini hao wa "haiishi" wamepiga ipi?

Tasi anakula majani moja kwa moja, ndiyo maana bahari inamudu kutupa tasi wengi kuliko jodari. Nasi tunafanyaje? Tunawavua jodari, tunawavua na dagaa wao, tunawachemsha na kuwaanika, wengine wanafika hadi Kongo. Kisha juya la kukokota linang'oa nyasi za bahari anamolishia tasi, na mikoko inakatwa kwa mkaa na kuchomea chokaa, eti ni vichaka vya mbu. Jani la mkoko likianguka, kaa hulivuta shimoni akalila. Linalobaki huoza, likalisha kamba na samaki wachanga.

Kisiwa Panza wavuvi wamewahi kufunga mwamba kwa miezi ili pweza wakue. Wapo wanaosema huo ni ushahidi kuwa bahari hujirudi yenyewe. Yenyewe vipi? Watu ndio waliozuia mikono yao. Tena pweza hukua upesi. Papa huchukua miaka mingi hata kuzaa.

Hifadhi ya Mkondo wa Pemba ipo tangu 2005, na kamati za wavuvi zipo katika shehia zetu. Kikao kijacho kianze na juya na shoka, bei ya jodari ifuate.