Mastaa, Kwa Daktari Hakuna Filta!

Kuna mwanadada mmoja hapa mjini, jina kapuni, wafuasi kibao, sura yake kila mtu anaijua. Mashabiki walimlilia mitandaoni waliposikia yupo chumba cha wagonjwa mahututi, na komenti zikawa zile zile: karogwa, kuna mtu ana kijicho, madaktari wa siku hizi wauaji. Habari iliyovuja kwa watu wake wa karibu haina uchawi hata kidogo. Alimdanganya daktari.

Alikuwa na mawe kwenye nyongo, akapangiwa siku ya kupasuliwa. Hospitali yenyewe ngeni kwake, maana ile ya zamani aliihama, eti daktari wa kule "anajua mambo mengi". Mtaalamu wa usingizi akamuuliza maswali anayoulizwa kila mtu: una mzio wa dawa? Umewahi kupasuliwa? Kuna dawa yoyote unatumia? Akajibu hatumii kitu. Pembeni walikuwa wamekaa mashosti wawili, na mmoja ni mteja mzuri wa ile chai ya kukata tumbo ambayo mwanadada anaiuza laivu kila wiki. Angesemaje mbele ya mteja?

Ukweli ni kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa anajichoma sindano za kupunguza mwili, zile za mara moja kwa wiki zenye semaglutide. Chai ni geresha tu. Na dawa hiyo, pamoja na kukata hamu ya kula, inachelewesha tumbo kumwaga chakula. Mtu anafunga tangu usiku kama alivyoagizwa, asubuhi chakula bado kipo. Akishapigwa nusu kaputi koo halijilindi tena, kile kilichomo tumboni kinapanda na kuingia kwenye mapafu. Ndicho kilichomkuta. Daktari anayejua mapema anaweza kuahirisha, kupima tumbo kwa ultrasaundi, au kubadilisha namna ya kumlaza mgonjwa. Huyu hakujua, kwa sababu aliambiwa uongo na mtu aliyejipaka lipstiki kwenda theatre. (Hata hayo mawe: wanaokonda haraka haraka wanayapata zaidi. Swali moja lingejibiwa sawasawa, pengine picha nzima ingeonekana.)

Halafu watu wanaandika, "daktari mzuri angejua tu". Angejuaje? Daktari si mganga wa kupiga ramli, akutajie jina la bibi yako kabla hujakaa. Kipimo cha damu kinaonyesha kile kilichoombwa kupimwa, basi. Na faili la hospitali ya zamani mara nyingi halimfuati mgonjwa, linabaki kabatini kule kule alikolikimbia. Kwa daktari mpya, historia yote ya mgonjwa imo kinywani mwake.

Na si yeye peke yake. Kuna mapedeshee wa mjini wanaoramba vumbi la Kongo na kumeza vidonge vya nguvu za kiume kama karanga, kisha kifua kikibana wanamwapia daktari wa moyo kwamba hawatumii chochote. Dawa ya kifua ya kuweka chini ya ulimi, ikikutana na sildenafil mwilini, inaangusha presha mpaka mtu anazima. Kuna na mabibi harusi wanaoingia kliniki na mchumba mkononi, wakiulizwa kuhusu mimba za nyuma wanasema hii ndiyo ya kwanza. Mwenye kundi la damu la hasi, mimba iliyopita, hata kama ilitoka, inaweza kuwa imeuacha mwili na kinga inayomshambulia mtoto anayefuata. Uongo kauambia mchumba, lakini gharama inalipwa na kichanga.

Wanaojitetea wana hoja moja ya kweli: siri zinavuja. Zinavuja kweli, na mhudumu anayepiga picha cheti cha mgonjwa na kuirusha kwenye grupu anastahili mahakama, si kuhamishwa kituo. Sheria ipo. Ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti, na ile ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri za wanaopimwa. Staa mwenye mwanasheria wa kusimamia mikataba ya matangazo hashindwi kumtumia kwa hilo.

Lakini kwenye kisa hiki siri haikuogopewa kuvuja kwa nesi. Iliogopewa mashosti. Dawa ya hapo ni sentensi moja, "naomba mtupishe kidogo na daktari", na mgonjwa asiyeweza kuitamka anaweza kumnong'oneza nesi aitamke kwa niaba yake. Mama mkwe atanuna, meneja atanuna. Wanune.

Mwanadada sasa anaendelea vizuri. Juzi kaposti picha akiwa kitandani, kafanya filta, kawashukuru mashabiki kwa maombi. Chini ya picha kaweka namba ya kuagizia chai.